Injili Katika Njia za Watu: Furaha ya Ushuhuda wa Wakristo wa Kawaida Katika Historia ya Ufipa

Utangulizi

Msafiri atokaye Sumbawanga kuelekea kusini hupita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na hatimaye hufika Kasesya, mahali ambapo nchi ya Tanzania inakoma na nchi ya Zambia inaanza. Ng'ambo ya pili ni Zombe, na mbele zaidi ni mji wa Mbala. Wakazi wa pande hizi mbili, yaani Wafipa, Wamambwe na Walungu, huoana, huzikana na kuuziana mazao. Mpaka unaowatenga haukuchorwa na wazee wao. Ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, yaliyofanywa mbali sana na uwanda huu.

Tumeichagua Kasesya iwe kituo cha kutazamia historia, kwa sababu mahali pa mpakani hutusaidia kuuliza swali ambalo mara nyingi hatuliulizi. Imani ya Kikristo ilifikaje katika vijiji hivi, na ni nani hasa waliobeba habari zake? Jibu tulilozoea kulitoa darasani ni kwamba ililetwa na wamisionari. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Mmisionari alijenga kituo kimoja, na kutoka kituo hicho hadi kijiji cha mbali palikuwa na mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Katika mwendo huo waliotembea zaidi walikuwa watu wengine, ambao majina yao hayamo katika orodha ya wachungaji wala mapadre.

Jambo hili si la udadisi wa kihistoria tu. Katika sharika zetu nyingi neno uinjilisti limekuwa jina la idara, la fungu katika makisio ya fedha, na la juma moja katika mwaka. Mkristo wa kawaida hutoa sadaka ili mtu mwingine akashuhudie kwa niaba yake. Naye akihubiriwa kwamba yeye mwenyewe ni shahidi wa Kristo, huondoka kanisani akijisikia kama mtu aliyetwikwa mzigo juu ya mizigo aliyo nayo. Tunapofika hapo, ni lazima tujiulize kama bado tunatangaza Habari Njema, ama tumekwisha kuigeuza kuwa sheria.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya Ufipa na majirani zake inatufundisha njia nyingine. Injili ilienea zaidi kwa miguu na vinywa vya watu wasiokuwa na daraja, nao waliieneza katika njia walizokuwa wakizipita tayari kwa sababu ya kazi, ndoa, ugonjwa na biashara. Pale ilipopokewa kama uhuru, ilisemwa kwa furaha. Pale ilipopokewa kama amri ya wenye nguvu, ilipoa mapema.

Nchi na njia zake

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Kabla ya utawala wa kikoloni palikuwa na falme mbili kuu, Nkansi na Lyangalile. Wafipa walikuwa wakulima hodari na wafua chuma mashuhuri. Tanuu zao ndefu za udongo ziliyeyusha chuma kilichofanywa majembe. Walifuma pia nguo za pamba. Chumvi ilitoka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Jembe, nguo na chumvi vilikwenda kijiji hadi kijiji, na pamoja navyo zilikwenda habari za vifo, za arusi, za vita na za njaa.

Katika karne ya 19 njia hizo hizo zilipitisha pia misafara ya pembe na ya watumwa. Kwa hiyo, wakati wa kufika kwa wamisionari wa kwanza, watu wa eneo hili walikuwa na sababu nzito ya kumwogopa mgeni aliyetoka mbali na watu nyuma yake. Neno ukombozi, kwa masikio yao, halikuwa neno la katekisimo peke yake. Lilikuwa neno la sokoni: fulani amekombolewa, fulani hakukombolewa.

Karema: mtumwa aliyefanywa tabibu

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wajulikanao pia kama White Fathers, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho Wabelgiji walikianzisha mwaka 1879. Kutoka Karema, Kanisa Katoliki lilienea katika Ufipa yote, na hata leo ndilo lenye waumini wengi katika eneo hili. Sisi Walutheri hatuwezi kuandika historia ya Injili katika Rukwa kwa kuliruka Kanisa hilo, wala hatuna sababu ya kutaka kufanya hivyo.

Mtu aliyekaa Karema muda mrefu kuliko wamisionari wengi hakuwa padre. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Aljeria, na huko wamisionari wakamkomboa kwa fedha. Walimsomesha, naye akabatizwa. Baadaye Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika ili wajifunze uganga wa kisasa. Lavigerie aliamini kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na kwamba tabibu aliye pia katekista angefungua milango ambayo mzungu hawezi kuifungua. Atiman alifika Karema mwaka 1889. Akaoa mwanamke wa Kibemba, Agnes Wansabira. Akatibu na kufundisha huko huko hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67. Mwana wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga hubeba jina la tabibu huyo.

Tunapoyatafakari maisha hayo tunaona mambo mawili. La kwanza, ushuhuda wa Atiman haukutengwa na kazi yake. Mgonjwa alipokuja na kidonda, alipata dawa. Na katika kufungwa kidonda, alimsikia mtu ambaye naye alikuwa amejeruhiwa. Hakuhitaji jukwaa. Walimwendea kwa sababu walimhitaji, nao wakakutana na imani yake kama mtu akutanavyo na moto anapoingia nyumba ya jirani usiku wa baridi.

La pili ni gumu zaidi, wala tusilifiche. Kukombolewa kwa fedha kulikuwa na utata wake. Watoto walionunuliwa na misioni hawakuulizwa kama wanataka kuwa Wakristo. Vijiji vilivyojengwa kuzunguka Karema viliongozwa na wamisionari karibu kama watawala, na wapo waliobatizwa kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Ni nini, basi, kinachomtofautisha mtu aliyeamini kwa kulazimika na mtu aliyeamini kwa moyo? Hatuwezi kuipima mioyo ya watu waliokwisha lala. Lakini mtu anayekaa miaka 67 katika nchi ambayo si ya baba zake, kwa kazi ya kuosha vidonda na kufundisha wanyonge, ametupa jibu lake. Furaha ya ushuhuda huonekana hivyo: hudumu baada ya sababu zote za nje kwisha.

Tena Atiman hakuwa peke yake. Mafundisho ya wakatekumeni katika misioni hizo yalichukua miaka minne, na mapadre walikuwa wachache. Walioketi na watu jioni kwa jioni, wakarudia sala na maswali katika lugha ya nyumbani, walikuwa makatekista wa vijijini, wengi wao wakulima wenye familia. Wanawake nao walikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 1907 lilianzishwa Karema shirika la watawa wa Kiafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Katika jamii iliyohesabu uzao kuwa heshima kuu ya mwanamke, binti aliyechagua njia hiyo alikuwa amehubiri kabla ya kufungua kinywa.

Walimu wa ng'ambo ya mpaka

Upande wa kusini, katika nchi iitwayo leo Zambia, walikuwapo Waprotestanti. Chama cha Misioni cha London kilikuwa na vituo katika eneo la Mbala tangu miaka ya 1880: Niamkolo kando ya ziwa, Fwambo, na baadaye Kawimbe, ambayo iko mashariki ya Mbala, si mbali na mpaka wetu. Upande wa Tunduma, Waskoti wa Livingstonia walianzisha kituo cha Mwenzo mwishoni mwa karne hiyo.

Vituo hivyo viliishi kwa nguvu ya walimu wa shule za vijijini. Mwalimu alikuwa kijana aliyejua kusoma na kuandika, aliyelipwa kidogo, na aliyepewa kijiji kizima kuwa darasa lake. Mchana alifundisha herufi. Jioni aliongoza sala. Jumapili alisimulia habari za Yesu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni David Kaunda. Alikuwa mtu wa kabila la Watonga wa nchi iitwayo leo Malawi, aliyesoma katika shule za Livingstonia. Mwaka 1904 alitumwa kwa Wabemba katika eneo la Chinsali. Alifungua shule na kukusanya waumini miaka kadhaa kabla mmisionari wa Ulaya hajaweka makao ya kudumu pale. Mkewe Helen naye alikuwa mwalimu. David alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1930, akafariki mwaka 1932. Wengi humfahamu kwa sababu ya mwanawe Kenneth, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Zambia. Lakini kwa historia ya Kanisa lililo muhimu ni hili: kwa zaidi ya miaka 25 kazi ya kupanda Kanisa ilifanywa na mtu ambaye hakuwa amewekewa mikono.

Vita, na wahubiri ambao Kanisa halikuwatarajia

Vita vya kwanza vya dunia vilifika hapa mwaka 1914. Mpaka ukawa uwanja wa mapigano. Boma la Kasanga, lililoitwa Bismarckburg na Wajerumani, lilitwaliwa mwaka 1916. Na jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki liliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya. Kati ya tarehe hizo maelfu kwa maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi hawakurudi. Chakula kilinyang'anywa, kisha ikaja homa kali ya mafua ya mwaka 1918.

Shughuli za misioni zilivurugika. Katika pengo hilo alitokea Hanoc Sindano, mtu wa eneo la Abercorn aliyekuwa amefanya kazi Rodeshia ya Kusini na huko kupokea mafundisho ya Watch Tower. Kuanzia mwaka 1917 yeye na wenzake walipita vijiji vya Wamambwe na majirani zao wakihubiri kwamba mwisho wa utawala wa dhuluma umekaribia. Hawakuongozwa na shirika la Marekani, wala hawakuwa na mshahara. Watu walibatizwa kwa wingi. Wahubiri wengi walikamatwa na serikali ya kikoloni mwaka 1919, lakini mwendo huo ulivuka mpaka ukaingia upande wa Tanganyika.

Kwa nini tunaitaja habari hii katika makala inayowahusu mashahidi wa Injili? Kwanza, kwa sababu inathibitisha neno letu. Hata mafundisho tusiyoyakubali yalienea kwa njia ile ile: mtu wa kawaida, aliyerudi nyumbani kutoka kazini, akizungumza na watu wake juu ya tumaini alilolipata. Pili, kwa sababu inajibu hoja tunayoisikia mara kwa mara, kwamba ni hatari kumruhusu Mkristo asiyesoma theolojia kushuhudia, kwani atapotosha. Hatari ipo. Lakini Sindano hakusikilizwa kwa kuwa walei walipewa uhuru mno. Alisikilizwa kwa kuwa watu waliofiwa na wana wao walikuwa na swali, na aliyekuja kukaa nao barazani na kulijibu alikuwa yeye. Dawa ya ushuhuda uliopotoka ni mafundisho mema kwa mashahidi. Kunyamazisha watu hakujapata kuwa dawa.

Kanisa lililozaliwa migodini

Baada ya vita, vijana wa Kimambwe na wa makabila jirani walikwenda kwa wingi kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini. Miongoni mwa wafanyakazi wa migodi, waliotoka pande nyingi, walikuwamo Wakristo waliobatizwa katika misioni mbalimbali: Wapresbiteri wa Livingstonia, watu wa Chama cha London, Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo. Katika kambi za migodi hapakuwa na mchungaji. Wangeweza kusubiri.

Hawakusubiri. Katika miaka ya 1920 Wakristo hao walikusanyika wenyewe, wakasali pamoja pasipo kujali tofauti za misioni zao, wakachagua wazee, wakajenga nyumba za ibada kwa fedha zao na kuwatunza wahubiri wao. Huko Ndola walijiita Kanisa la Umoja. Misioni za Ulaya zilianzisha kazi ya pamoja katika eneo hilo mwaka 1936 tu, zikakuta Kanisa limekwisha kuwapo. Kutoka chimbuko hilo, pamoja na mengine, lilipatikana Kanisa la Muungano la Zambia mwaka 1965.

Wale walikuwa wachimbaji. Mchana walikuwa chini ya ardhi; jioni waliwaita wenzao kuimba. Hakuna mtu aliyewaandikia mpango wala kuwapa shabaha ya idadi. Mtu aliye mbali na kwao, aliyechoka, hutafuta wenzake wanaomjua Mungu wake, kisha humwalika na jirani wa kitandani. Tukitaka kujua furaha ya kushuhudia ina sura gani, na tuitazame sura hiyo.

Wenzetu wa Buhaya

Msomaji wa Kilutheri aweza kusema kwamba mifano yote tuliyoitoa ni ya makanisa mengine. Tunamwomba atazame kaskazini, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Misioni ya Betheli ilifika Buhaya mwaka 1910. Kabla ya hapo walikuwapo Wahaya waliokwenda Uganda kwa shughuli zao, wakakutana huko na Wakristo wa Kianglikana, wakajifunza kusoma, na wakarudi nyumbani na vitabu vya Injili vya Kiganda. Walikutana kwa siri kusoma na kusali, kwa kuwa walipata upinzani. Mwanahistoria wetu Wilson Niwagila, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alilifananisha Kanisa hilo la siri na lile la Wakristo wa Roma waliokutana chini ya ardhi. Kwa hiyo wamisionari wa Kilutheri waliwakuta waumini tayari. Kutoka Kanisa hilo alitoka Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Hata katika maeneo yaliyoanzishwa na misioni za Berlin na Leipzig, mwaka 1920 ulikuwa mtihani. Wamisionari Wajerumani waliondoshwa nchini, wala hawakuruhusiwa kurudi hadi yapata mwaka 1925. Walimu na wazee wa Kiafrika wakabaki na watu, wakaendelea kufundisha. Na baada ya uhuru, katika miji mingi ambayo haikuwa na misioni ya Kilutheri, sharika zetu zilianza katika sebule za walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliohamishiwa huko. Walianza kwa kukaribishana chai na kuimba nyimbo walizotoka nazo nyumbani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, ushuhuda hufuata njia ambazo watu wanazipita tayari. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8 na ya 11, husimulia kwamba waliotawanywa na mateso ndio walioeneza neno hadi Antiokia, na Luka hakuona haja ya kutuandikia majina yao. Mitume walisikia baadaye, wakamtuma Barnaba. Naye Barnaba alipoiona neema ya Mungu alifurahi, kisha akaanza kufundisha. Huo ndio utaratibu unaofaa kwa mchungaji: kuona kilichofanywa na Mungu kwa mikono ya wengine, kufurahi, na kufundisha. Kasesya ina madereva wa malori, akina mama wauza maharage, watumishi wa forodha, walimu na wakulima. Kila mmoja wao ana njia ambayo mchungaji hataipita kamwe.

Pili, furaha hutangulia amri. Katika 2 Wafalme sura ya 7 tunasoma habari za wakoma wanne wa Samaria waliokuta kambi ya adui imeachwa na chakula tele. Walikula kwanza na kunywa. Ndipo wakaambiana kwamba si haki kunyamaza siku kama hiyo wakati mjini watu wanakufa kwa njaa. Hawakutumwa na mfalme. Walishiba, wakawakumbuka wenye njaa. Mkristo ambaye hajashiba hatakuwa na habari ya kupeleka, hata tukimfanyia semina kumi. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza tunalodaiwa na washarika wetu ni mahubiri ya neema yaliyo wazi, wapate kujua kwamba wamesamehewa bure. Luther aliandika mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo na juu ya ukuhani wa wote waliobatizwa. Mafundisho hayo mawili hayatenganiki. Kuhani asiye huru hutumika kwa hofu, na kwa hofu hakuna anayeimba.

Tatu, mafundisho ni rafiki wa furaha. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa ili mkuu wa nyumba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Tumekifanya kitabu hicho kuwa mtihani wa kipaimara. Na baada ya mtihani, kijana hukiweka juu ya kabati. Kingerudi mezani, mzazi angepata maneno machache, mepesi na sahihi ya kumweleza jirani anachokiamini. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka waamini wawe tayari kumjibu kila awaulizaye sababu ya tumaini lao, tena kwa upole na heshima. Asiyejua ajibu nini huona aibu. Na mwenye aibu hukaa kimya ama hupaza sauti kupita kiasi.

Nne, heshima hiyo ya Mtume Petro ina maana ya pekee katika Ufipa. Jirani wa Mlutheri wa Kasesya, mara nyingi, ni Mkatoliki aliyebatizwa tangu utoto, ambaye babu yake alifundishwa na katekista aliyetembea kwa miguu siku nzima. Kumshuhudia mtu huyo kana kwamba Mungu hajapata kufika nyumbani kwake ni kuwadharau wale waliotutangulia. Furaha ya kweli haihitaji kondoo wa zizi la mwenzake. Twaweza kusali naye penye msiba, kusoma naye Maandiko, na kumwendea pamoja yule ambaye wote wawili tumemsahau: mlevi, mjane aliyeitwa mchawi, kijana aliyerudi mgonjwa kutoka mjini.

Tano, kazi hii huzaa kwa wakati wake. Mkulima wa Kifipa hufukia majani chini ya udongo na kufanya tuta la mviringo liitwalo ntumba, akapanda maharage juu yake. Msimu unaofuata hulisambaza tuta hilo na kupanda ulezi. Majani yaliyofukiwa hayaonekani tena, lakini ulezi unaishi kwa ajili yake. Makatekista na walimu wa zamani wa Ufipa na Umambwe ni majani hayo. Tunapodai hesabu ya waongofu kila robo mwaka, tunamfundisha shahidi kufukua tuta ili atazame kama majani yameoza.

Hitimisho

Tunaandika haya hasa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo watakaopangiwa mitaa ya pembezoni, ambako mchungaji mmoja huhudumia vituo vingi vilivyo mbali, na barabara hukatika wakati wa masika. Ndugu hao watajaribiwa kuona kwamba mahali ambapo wao hawapo Kanisa nalo halipo. Historia ya Ufipa inakataa. Kanisa lilikuwapo katika zahanati ya Karema, katika shule ya majani ya Chinsali, katika kambi ya wachimbaji wa Ndola na katika maficho ya wasomaji wa Buhaya. Mchungaji alifika baadaye, na alihitajika kweli kweli: kwa ajili ya sakramenti, kwa ajili ya mafundisho, kwa ajili ya kuwaunganisha waumini na Kanisa zima.

Basi afikapo katika mtaa wake mpya, na aketi kwanza na wazee, na akina mama, na vijana, awaulize ni nani aliyewaambia habari za Yesu kwa mara ya kwanza. Ayasikilize majina watakayomtajia. Mengi yatakuwa ya bibi, ya mwalimu, ya jirani, ya mwenzake wa kazini. Ayaandike katika kitabu cha usharika, ayataje katika sala ya Jumapili, na kuwashukuru mbele ya watu wale walio hai. Kisha awaulize waliohudhuria ni nani atakayelitaja jina lao siku moja. Swali hilo, likiulizwa kwa upole na mtu ambaye mwenyewe amefurahi katika neema ya Mungu, litafanya kazi ambayo ratiba ya idara haitaiweza.